Barua ya wazi kwa WTO, WIPO na mabalozi wetu Geneva: kesi ya nyani mnampelekea nani?

Waheshimiwa, salaam.

Mama Ngozi Okonjo-Iweala pale WTO, Shirika la Biashara Duniani, Mkurugenzi Mkuu wa WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, na nyie mabalozi wetu wa Afrika Mashariki mnaotukalia vikao huko Geneva, shikamooni nyote. Mi ni fundi simu, meza yangu iko Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na najua mtajiuliza fundi simu anatafuta nini kwenye mambo ya hataza, au patenti kama tunavyosema huku, yaani haki ya aliyebuni kitu kwamba mwingine asikitumie bila ruhusa yake, ila naomba mnivumilie maana hizo hataza zinazogombaniwa huko juu mi nazifungua kwa bisibisi kila siku na mteja wangu ndo anazilipia bila kujua.

Ijumaa ya tarehe 24 Agosti 2012 naikumbuka vizuri sana. Mahakama ya Seoul, Korea Kusini, ilitoa hukumu kati ya Apple na Samsung, ikasema Apple kavunja hataza mbili za Samsung na Samsung kavunja moja ya Apple, fidia zenyewe ndogo mno, Apple alipe won milioni 40 na Samsung alipe won milioni 25, ni hela ambayo hata duka moja la jumla hapa Kariakoo lisingetetereka. Tarehe hiyohiyo kwa kalenda ya California, huku kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi, juri ya San Jose, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, ikamwambia Samsung amlipe Apple zaidi ya dola bilioni 1. Bilioni moja! Na kutoka hiyo mahakama ya San Jose mpaka Cupertino yalipo makao makuu ya Apple ni mwendo mfupi tu kwa gari. Asubuhi nafika mezani nakuta wenzangu washagawana makundi, kelele mpaka wateja wanashangaa, na hoja iliyowashinda wote ikawa Mkorea kambeba Mkorea na Mmarekani kambeba Mmarekani. Mzee mmoja muuza makava akasema kesi ya nyani umempelekea ngedere, ulitegemea nini.

Mi nilikubali. Na nilikubali kwa miaka kabisa, kila kesi mpya ikitokea nilikuwa naangalia bendera tu kwanza. Nilikuja kubadilika taratibu, kwa kusoma habari za hizo kesi usiku nikishafunga kazi, na ndo maana naandika, kwa sababu naona hata wakubwa mnalijibu hili swali kwa njia mbili tu, kuna wanaosema mahakama ni huru basi yaishe, na kuna wanaonong'ona kwamba kila nchi inabeba wake, na kwa heshima zote hakuna kati yao anayegusa panapouma.

Chukua simu yako hapo ulipo. Fungua orodha ya majina, isukume mpaka jina la mwisho kabisa, afu endelea kuvuta kwa kidole. Orodha inapitiliza kidogo, inaacha nafasi tupu pale chini, ukiachia kidole inarudi yenyewe kama mpira wa manati. Hako kamchezo ndo hataza ya Marekani namba 7,469,381 ya Apple, wenyewe wanaiita 381, na juri ya San Jose ilisema simu za Samsung zilikaiga. Sasa ile hataza moja ambayo Seoul ilimkuta nayo Samsung ilihusu nini? Hikohiko kamchezo. Mahakama ya nyumbani kabisa kwa Samsung, nchini kwake, ikamwambia hapa umekosea na ikamzuia kuuza simu zake kadhaa, Galaxy S II ikiwemo. Na Tokyo nayo, mwezi Juni 2013, ikasema hivyohivyo. Nchi tatu zisizofanana, kamchezo kamoja, jibu moja. Kijiweni kwetu hilo hakulisema mtu, wala mi mwenyewe sikulijua siku ile, maana sote tulisikia neno bilioni tu.

Jaji aliyekuwa anaisimamia ile kesi ya San Jose ni Lucy Koh, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wakorea, sasa wewe mwenye kuangalia bendera utampanga upande gani? Machi 2013 huyohuyo akakata zaidi ya dola milioni 450 kwenye ile fidia, akisema juri walipiga hesabu vibaya, akaagiza hiyo sehemu ihesabiwe upya. London nako, Julai 2012, Jaji Birss akasema vishikwambi vya Samsung havijaiga umbo la iPad kwa sababu havina mvuto kama wa iPad, afu Apple akaamriwa atangaze hiyo hukumu kwenye tovuti yake na kwenye magazeti, akaitangaza kwa maneno ya kuzunguka, Novemba mahakama ya rufaa ikamrudisha aandike upya. Na Tokyo hiyo niliyoitaja, wiki moja tu baada ya ile Ijumaa, ilimpa Samsung ushindi kwenye hataza nyingine ya Apple, na kila mtu anajua Japani na Korea zina historia yao ya maumivu na kampuni zao za vifaa vya umeme zimeviziana miaka nenda rudi. Kama ingekuwa chuki tu ndo inaandika hukumu, Tokyo isingempa Samsung kitu.

Tofauti nyingine ni ya sheria zenyewe, na hapa lazima tuwe wakweli. Mnakumbuka ile ya kutelezesha kidole kufungua simu? Uingereza mwaka 2012 mahakama ilisema hiyo hataza ya Apple haina uhai, kwa sababu simu ya Kiswidi inaitwa Neonode N1m ilishafanya kitu kama hicho kabla, Ujerumani nako wakaifuta, lakini Marekani mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikasema ni halali na Samsung alipe. Mjerumani na Mwingereza hawana timu kwenye Apple na Samsung, kila mmoja kasoma sheria ya kwao tu, na chini ya Mkataba wa Paris hataza ya kila nchi inasimama peke yake. Hata ile bilioni, sehemu kubwa ilitoka kwenye sheria ya Marekani ya 1887, iliyotungwa kwa ajili ya kesi za mazulia, inayosema ukiiga umbo la bidhaa ya mtu unampa faida yako yote. Mazulia! Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani ikae Desemba 2016, majaji 8 kwa 0, ndo ikasema faida inaweza kuhesabiwa kwa kipande tu cha simu badala ya simu nzima. Walikuja kupatana Juni 2018, miaka 7 tangu kesi ifunguliwe.

Kwa hiyo kwenye meza ya jaji mwenyewe, mwenye kuandika sababu zake kwa karatasi, mi bendera nimeitafuta nikaiona kidogo sana. Lakini ipo, waheshimiwa, ila inapita milango mingine, na hiyo milango iko chini ya mamlaka yenu na ya nchi wanachama wenu.

Mlango wa kwanza ni juri. Huku kwetu tulizoea wazee wa baraza, ambao wanamshauri jaji tu, kule Marekani juri ndo inaamua, raia wa kawaida wa eneo hilo, na haitoi sababu, inajaza fomu. Mwaka 2003 profesa mmoja wa sheria wa huko, Kimberly Moore, ambaye baadaye akawa jaji wa hiyo mahakama yao ya rufaa za hataza, alichapisha uchunguzi wake wa kesi nyingi akakuta kwenye juri kampuni za ndani zinazipiga za nje asilimia 64 kwa 36, ila jaji akiamua peke yake tofauti ya maana haipo. Nchi ileile na sheria ileile, kilichobadilika ni nani anaamua na kama anatakiwa kueleza kwa nini. Kampuni zenyewe zinajua, Samsung alidhamini kiwanja cha kuteleza kwenye barafu katikati ya mji wa Marshall, Texas, mbele kabisa ya mahakama, mji mdogo wenye joto ambao umekuwa kama stendi kuu ya kesi za hataza. Kampuni kubwa hivyo haimwagi barafu Texas kwa sababu inaamini watu wa pale hawajali mgeni ni nani.

Na kuna la kuangalia zaidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwenye kesi ya TC Heartland kwamba kampuni ya Kimarekani huwezi kuishtaki kwa hataza popote unapotaka, ni mahali iliposajiliwa au ilipo na ofisi yake na ikatenda kosa hapo. Kampuni ya nje hiyo kinga haina, inaburuzwa kokote mdai anapopenda. Sasa Mkataba wenu wa TRIPS, ule wa haki za ubunifu kwenye biashara, kifungu cha 3 kinasema mgeni asitendewe vibaya kuliko mwenyeji kwenye kulindiwa haki zake, mawakili watasema kifungu hicho kinamhusu mwenye hataza na hakimhusu anayeshtakiwa, sawa, mi si wakili, lakini mtu akiniambia mwenyeji achague uwanja na mgeni apangiwe uwanja afu tuite mechi ya haki, hata mtoto wa Jangwani atakuuliza maswali.

Ila mlango mkubwa kuliko yote ni wa wanasiasa, na hapa ndo naomba msome kwa utulivu. Juni 2013 tume ya biashara ya Marekani, ITC, ilimkuta Apple kavunja hataza ya Samsung ya mawasiliano ya 3G, ikaamuru iPhone 4 na iPad 2 za aina fulani zisiingizwe Marekani. Samsung kashinda, ugenini, kwa haki. Tarehe 3 Agosti 2013 Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, Michael Froman, kwa niaba ya Rais Obama akaifuta hiyo amri. Kitu kama hicho kilikuwa hakijafanyika tangu 1987 enzi za Reagan. Siku chache baadaye ITC hiyohiyo ikatoa amri nyingine, safari hii Apple ndo kashinda, baadhi ya simu za Samsung zizuiwe, hataza moja ilihusu namna simu inavyotambua umechomeka iafoni za masikioni. Tarehe 8 Oktoba 2013 Froman akaiacha ipite.

Nawatendea haki, sababu ilikuwepo. Hataza ya Samsung ilikuwa ya viwango, yaani bila hiyo simu haipati mtandao kabisa, na mwenye hataza ya namna hiyo aliahidi kuikodisha kwa bei ya haki kwa kila mtu, kwa hiyo kuitumia kumfungia mwenzako soko ni kama kumiliki kisima cha kijiji afu unamkatalia jirani maji. Hiyo hoja naielewa na hata naipenda. Lakini Mkorea aliyekaa Suwon, yalipo makao makuu ya Samsung, atajuaje kwamba ni hoja ya kisima na si hoja ya bendera, wakati anayeamua si jaji, ni ofisi ambayo kazi yake ya kila siku ni kutetea biashara ya Marekani? Wizara ya biashara ya Korea ilitoa tamko la kuonyesha wasiwasi na mi nawaelewa kabisa. Ngedere wa yule mzee wa makava nilimtafuta mahakamani miaka yote nikamkosa, kumbe alikuwa kakaa kiti cha juu ya mahakama.

Na tangu hapo mambo yamezidi. Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema majaji wa London wanaweza kupanga bei ya leseni, yaani ada ya kutumia hataza, ya dunia nzima, kwenye kesi za Huawei, wakati kwenye mojawapo mauzo ya Huawei Uingereza yalikuwa kama asilimia 1 tu na zaidi ya nusu yalikuwa China. Siku mbili baadaye Mahakama ya Juu ya China ikamzuia mdai mmoja kutekeleza hukumu aliyoipata Ujerumani, akikaidi faini yuan milioni 1 kila siku. Desemba ya mwaka huohuo Samsung na Ericsson wakakwaruzana, mmoja Mkorea mwingine Mswidi, Samsung kakimbilia mahakama ya Wuhan, China, Ericsson kakimbilia Marshall, Texas. Siku ya Krismasi Wuhan ikamkataza Ericsson asiendelee na kesi popote duniani, na Januari 2021 Jaji Gilstrap wa Marshall akatoa zuio la kulizuia zuio, na akasema Wuhan ikimpiga Ericsson faini basi Samsung airudishe. Mnaona hapo? Hakuna Mchina wala Mmarekani kati ya wagombanao, kesi ni ya watu wengine kabisa, lakini mahakama mbili za mataifa mawili yanayoviziana zinasukumana nani awe mwamuzi wa dunia. Zamani tulikuwa tunauliza jaji kambeba nani, sasa hivi mahakama zenyewe zimegeuka wachezaji.

Umoja wa Ulaya ulileta hili kwenu WTO Februari 2022 na Julai 2025 wasuluhishi wakasema hiyo sera ya China ya mazuio haiendani na TRIPS. Vizuri. Lakini Januari ya mwaka huohuo 2025 Ulaya walishafungua shauri lingine, safari hii wanailaumu China kwa kupanga bei ya dunia nzima, kitu ambacho London wanakifanya mchana kweupe. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mama Ngozi, kama ni kosa kwa mahakama ya Chongqing huko China basi liulizwe na London, na kama London ni halali basi tuambiwe kwa nini.

Sasa mje Aggrey. Simu zinazotoka sana mezani kwangu ni Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni moja ya Shenzhen inaitwa Transsion, ndo inaongoza kuuza simu janja Afrika. Nikifungua moja ya bei ya chini kabisa naona ubao mdogo kama kiganja cha mtoto, betri, spika, kamera, na juu ya chipu kuna kifuniko cha bati nakitoa kwa moto. Chini ya hicho kifuniko ndo kuna 4G, na 4G ndo imejaa hizo hataza za viwango za Qualcomm, Nokia, Ericsson, Huawei na wenzao. Mwaka 2024 Qualcomm walimshtaki Transsion, na waliendea Delhi, India. Mmarekani anamshtaki Mchina kwa Mhindi, na simu zenyewe soko lake kubwa mojawapo ni sisi. Bei ya leseni ya dunia nzima ikipangwa London, Delhi au Wuhan, maana yake imepangwa na kwa simu ya mama lishe wa Mbagala anayelipwa kwa simu na kuweka akiba kwenye simu, na pale mahakamani hakuna hata mmoja wa kusema huku shilingi elfu ishirini ni nini. Ikiongezeka hapo, kuna mtu anabaki na kiswaswadu chake mwaka mwingine mzima. Nimewaona, wanashika simu dirishani, wanaigeuza, wanairudisha.

Ninachoomba ni hiki. WTO, kifungu cha 63 cha TRIPS kinataka hukumu za mwisho zenye uzito kwa wote zichapishwe, basi amri za kuzuia kesi za nchi nyingine nazo zichapishwe zote, za Wuhan, za Texas, za Munich, na sababu zake, maana nilivyoeleza hapo juu pale panapoandikwa sababu bendera inapungua. Baraza la TRIPS limuulize Marekani wazi kuhusu uwanja wa kumshtakia mgeni, na kuhusu ile turufu ya ofisi ya biashara, kwamba ikitumika tena iwe na kigezo kilichoandikwa kabla ya kesi na si baada ya kujua nani kashinda. WIPO mna kituo chenu cha usuluhishi hapo Geneva tangu 1994, kiko tayari, kinachokosekana ni wakubwa kukubali kwenda, basi tengenezeni utaratibu wa bei za hataza za viwango wenye wasuluhishi watatu kutoka nchi zisizo na kampuni kwenye mgogoro, na bei itenganishwe kwa kanda, Afrika ihesabiwe kama Afrika.

Na nyie mabalozi wetu, hili nalisema kama mdogo wenu. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi tumepewa mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya TRIPS kwa kuwa ni nchi maskini zaidi, na mnaweza kudhani kwa hiyo haya hayatuhusu. Msamaha huo unazihusu sheria zetu za ndani tu, bei iliyopangwa London haiusomi. Shauri la namna hii likifunguliwa tena WTO, ombeni kuingia kama nchi ya tatu, ni haki yenu, mpate nakala, mseme hata kurasa mbili. Mkikosa mfano wa kuweka kwenye hizo kurasa, njooni Aggrey nitawafungulia simu mojamoja muone.

Wenu,
Fundi simu, Kariakoo, Dar es Salaam